Ufito wa Mkono wa Kushoto

Tangu Dufie apewe kigoda, Bwana Obiri hakuwahi kumwita kwa jina lake. Alimwita Darasa la Sita, maana ndipo alipoishia shule. "Darasa la Sita, sogeza miguu yako." "Darasa la Sita, leo wamekuja wangapi?" Alimwita hivyo mbele ya mafundi, mbele ya wageni, hata mbele ya watoto wa shule waliokuwa bado darasa la tano, nao wakacheka sana, maana walijua mwakani watakuwa wamemfikia.

Kigoda chenyewe kilikaa karibu na mlango wa karakana ya makumbusho, pale Kumasi, katika ghala la zamani la kakao ambalo mpaka leo mvua ikinyesha linanuka magunia. Humo ndimo walimokuwa wakitengeneza vionyesho vya Ukumbi wa Akili. Havikuwa vya kutazama mtu amefunga mikono nyuma. Palikuwa na masanduku mawili, dogo na kubwa, yenye uzito uleule, lakini ukiyainua utaapa kwamba dogo ndilo zito. Palikuwa na kinyago kilichochongwa kwa ndani kama bakuli, ukipita mbele yake unaona kinageuza uso kukufuata. Kila kitu kilitengenezwa kwanza kwa bei ya chini, kwa makaratasi magumu na vipande vya mbao, kikawekwa pale mlangoni wapita njia wakishike. Na mtu mmoja alitakiwa akae pembeni, anyamaze, aone wanakifanya nini. Wasipokielewa, kinavunjwa, kazi inaanza upya.

Kazi ya kukaa ilikuwa imewashinda wasomi wawili. Wa kwanza alisinzia. Wa pili hakuweza kufunga mdomo, kila mgeni akikosea yeye anamsomesha. Ndipo Madam Birago, mkurugenzi, alipomwona mfagiaji wake amesimama saa nzima, kidevu juu ya mpini wa fagio, akimtazama mzee mmoja anavyopima yale masanduku huku akibishana na mkewe. Kesho yake alimpa daftari na penseli.

"Andika unachokiona," alimwambia. "Usiandike unachokifikiri."

Basi Dufie akaliacha fagio lililokuwa limemla viganja miaka miwili. Mama yake, anayeuza bamia soko la Kejetia, akawatangazia wenzake wote wa ule mstari kwamba binti yangu siku hizi anaandika. Mtu akishatangazwa Kejetia, kurudi kwenye fagio ni kama kurudi uchi.

Halafu ukaja ule ufito.

Kilikuwa kionyesho rahisi kuliko vyote. Ufito wa mbao wa nusu mita, umepakwa rangi za mistari na kuandikwa namba za sentimita kuanzia chini. Mtu mmoja anaushika kwa juu. Wewe unaweka kiganja wazi pale chini, bila kuugusa. Yeye anauachia ghafla, wewe unaudaka. Ukiudaka kwenye kumi na tano, akili yako ni nyepesi. Ukiudaka kwenye thelathini, umechelewa. Mara tano kwa mkono wa kulia, mara tano kwa mkono wa kushoto. Kilikuwa cha Bwana Obiri, mhandisi, aliyesoma ng'ambo miaka kumi na moja na kurudi na miwani isiyo na fremu. Ufito ulikuwa wa kujaribia tu. Nyuma yake ingekuja mashine ya taa na saa ndogo, ya kuagizwa. Na ubao wa maelezo alikuwa ameshaupaka rangi kabla mtu hata mmoja hajadaka: MIKONO MIWILI, AKILI MOJA. Chini yake kwa herufi ndogo: kulia na kushoto hazipitani hata kwa kupepesa jicho. Alishashona joho kabla ya kumpima bwana harusi.

Siku sita Mjomba Twumasi, seremala, aliushika ufito na kuuachia. Hakuwa mjomba wa damu wa mtu yeyote pale. Walimwita hivyo kwa heshima ya mvi zake. Dufie alikaa kwenye kigoda akaandika. Siku ya saba Bwana Obiri alichukua daftari akasimama nalo dirishani. Alifungua kurasa kwa kidole kimoja, kama mtu anayefunua sufuria asilolipenda.

"Kulia, kumi na tisa. Kulia, kumi na nane. Sawa." Akageuka. "Kushoto, thelathini na moja? Kushoto, thelathini na nne? Kushoto, umeanguka chini? Huu ni upuuzi gani?"

"Ndivyo walivyodaka, Bwana."

"Watu mia na kumi! Wote mikono yao ya kushoto imepooza? Dunia nzima tofauti ni sentimita moja, mbili. Kumasi tu ndiyo kumi na mbili?"

"Mimi naandika ninachokiona."

"Unaona, au unaota? Sita na tisa unazitofautisha lakini?"

Mafundi wawili waliokuwa wakipiga msasa wakainamisha vichwa. Dufie alikuwa na kimya kinachomkera mtu kuliko tusi, na Bwana Obiri alikuwa wa kukereka.

"Madam!" aliita kuelekea ofisini. "Njoo uone pesa za watu zinavyochezewa na mtoto wa shule ya msingi."

Madam Birago alikuja, akasoma, akakunja uso. Ijumaa wadhamini walikuwa wanakuja kuchagua vionyesho vya kuingia ukumbini, wakiongozwa na Nana Ampofo, chifu ambaye ardhi ya ghala ilikuwa yake. Hakuwa mtu wa kupelekewa vipimo vya kubahatisha.

"Dufie, una hakika?"

"Nina hakika, Madam."

"Bwana Obiri anasema ni uongo. Mmoja wenu amekosea." Alilifunga daftari. "Ijumaa tutapima mbele ya Nana. Vipimo vikiwa si vya kweli, aliyeviandika anarudi kwenye fagio. Na sitaki kelele."

"Fagio gani, Madam?" Bwana Obiri alisema. "Mwongo hafagii. Mwongo anaondoka."

Madam hakumpinga. Dufie aliliona hilo pia.

Siku iliyofuata, Jumatano, alikaa kwenye kigoda akaacha kutazama namba. Akatazama mikono.

Akaja muuza nyanya mmoja, mwanamke mpana, kitambaa kichwani. Kulia alidaka vizuri, kumi na nane. Mjomba Twumasi akamwambia sasa kushoto. Yule mama akaufuta mkono wa kushoto kwenye kanga yake, ingawa ulikuwa mkavu, akanong'ona, "Sebi," neno tunalomwombea mtu radhi kabla hatujamtendea jambo lisilo la adabu. Ufito ukaanguka hadi thelathini na tatu. Akaja kijana mwenye shati la benki. Kabla ya kudaka kwa kushoto, akapeleka kiganja cha kulia chini ya kiwiko cha kushoto, akakishikilia, kama anayepokea zawadi kwa baba mkwe. Thelathini. Mwanafunzi wa sekondari akacheka, akasema, "Mzee, mama yangu akiniona ananitandika," na ufito ukamwangukia kwenye kiatu.

Dufie aliandika yote pembeni mwa namba. *Alifuta mkono. Aliomba radhi. Alishikilia kiwiko.*

Halafu Mjomba akaenda kunywa maji. Palikuwa na mama mmoja na kitoto chake cha kike cha miaka saba, na kitoto hakikuwa na subira, kikapanda juu ya sanduku, kikaushika ufito, kikapiga kelele, "Mama, daka! Kwa kushoto!" Yule mama akadaka huku anacheka. Kumi na tisa. Tena. Ishirini. Tena. Kumi na nane.

Dufie akaacha kuandika. Aliinuka, akaomba uzi kwenye meza ya seremala, akautundika ufito kwenye msumari, akawa anaukata uzi kwa wembe. Mama akadaka kwa kushoto: ishirini. Mjomba aliporudi, Dufie akamwambia, "Mjomba, hebu mshikie huyu mara moja tu." Mkono uleule, mtu yuleyule. Thelathini na mbili.

"Mjomba," Dufie alisema mama alipoondoka, "mkono wao si mzito. Ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Una mvi. Nani atapokea kitu kwako kwa mkono wa kushoto? Wewe unaachia, yeye akili yake inamwambia daka, na malezi yake yanamwambia rudisha mkono. Wanapigana humo ndani. Wakimaliza kupigana, ufito umeshafika chini."

Mzee alikuna shingo. "Na hao watu hawajui?"

"Hawajui. Wanadhani wamechelewa tu."

"Basi nakuomba, mwanangu, na wewe usijue. Yule bwana amesomea akili. Ukimwonyesha kitu cha akili asichokijua, utakuwa umemvua nguo sokoni. Mtu wa hivyo hakusamehe."

"Kwani sasa hivi amenisamehe nini?"

Alimfuata Bwana Obiri mezani kwake, akamweleza wima, bila kupewa kiti. Alimweleza habari ya muuza nyanya, ya kiwiko, ya uzi na msumari. Bwana Obiri alimsikiliza huku akisafisha miwani. Alipomaliza, yule bwana alicheka kidogo, kupitia puani.

"Darasa la Sita. Unajua mkono unapokea amri kutoka wapi?"

"Kichwani."

"Sehemu gani ya kichwa?"

"Sijui, Bwana."

"Hujui. Basi nikuambie mimi. Kuna mishipa, kuna umeme, kuna muda wa umeme kusafiri. Umeme haumjui mjomba wako. Umeme haujalelewa Kumasi." Akanyoosha mkono. "Lete daftari."

Akachana kurasa za Jumatano, zote nne, akazikunja, akazitumbukiza kwenye ndoo ya vumbi la mbao. "Uliambiwa usiandike unachokifikiri. Sasa umeanza kufikiri." Kisha akaita, asikike karakana nzima: "Mjomba Twumasi! Nitengenezee kishikizo cha chuma. Ijumaa ufito haushikwi na mtu. Utashikwa na kishikizo, nitabonyeza, utaanguka. Tuone nani mkweli!"

Hapo Dufie alielewa alivyofungwa. Kwenye kishikizo kila mtu angedaka sawasawa, kulia na kushoto, na daftari lake lingebaki uchi, kurasa za siku sita za uongo na kurasa nne zilizochanwa. Yule bwana hakuhitaji kumshinda. Alihitaji tu kumwondoa mzee pale juu.

Alhamisi Dufie aliziokota zile kurasa kwenye ndoo, akazikung'uta vumbi, akazinyoosha kwa kiganja, akazibandika mahali pake kwa gundi ya mafundi. Bwana Obiri alimwona. Alipopita, aliipiga teke ndoo ya gundi, ikamwagika karibu na kigoda.

"Pole," alisema. "Fagio unajua lilipo."

Ijumaa saa nne Nana Ampofo aliingia, kitambaa cha heshima begani, viatu vya ngozi vikisugua sakafu. Alikuwa mzee mfupi, mwenye uso wa mtu aliyeamshwa mapema. Mbele yake alitangulia msemaji wake na fimbo yake, maana kwa chifu neno haliendi moja kwa moja. Linapita kwa msemaji, linakwenda na linarudi. Nyuma walifuata wadhamini wanne. Nana aliinua yale masanduku mawili, akayaweka, akayainua tena, akayachukia. Akasimama mbele ya kinyago kinachogeuka, akamwambia msemaji wake, "Hiki kiko kama shemeji yangu," na hakuna aliyethubutu kucheka kabla yake.

Wakafika kwenye ufito. Bwana Obiri alivaa suti. Alieleza umeme, mishipa, mikono miwili, akili moja. Akamwita karani wa ofisini. Kishikizo kikabonyezwa. Kulia, kumi na nane. Kushoto, kumi na tisa. Kulia, kumi na saba. Kushoto, kumi na nane. Wadhamini wakatikisa vichwa wameridhika.

"Sasa," alisema Bwana Obiri, akaliinua daftari la Dufie kwa ncha za vidole, "humu ndani imeandikwa kushoto thelathini na moja. Thelathini na nne! Nawauliza, waheshimiwa, nani mwongo? Ufito, au huyu binti aliyeishia darasa la sita, ambaye tumempa kazi ya kisayansi kwa huruma?"

Macho yote yakamgeukia. Madam Birago alikuwa amekaza midomo. "Dufie. Una la kusema?"

Dufie alipiga hatua moja, akainama, akamwelekea yule mwenye fimbo.

"Msemaji, mfikishie Nana kwamba namsalimu, na kwamba nina ombi moja. Bwana Obiri amempima karani kwa chuma. Mimi niliwapima watu kwa mkono wa mzee. Namwomba Nana aushike ufito yeye mwenyewe, na Bwana Obiri adake. Kulia, halafu kushoto. Basi. Kama mimi ni mwongo, fagio silitaki, nitatoka kwa mlango huu."

"Huu ni ukosefu wa adabu!" Bwana Obiri alisema. "Nana si mtumishi wa karakana."

Msemaji alimwinamia Nana. Nana alimtazama mhandisi, suti mpaka viatu, akasema kitu kwa sauti ndogo.

"Nana anasema," msemaji alitangaza, "kwamba yeye hajaambiwa na mtu yeyote kazi gani ni ya nani. Anasema mhandisi asogee."

Bwana Obiri akasogea. Nana akaushika ufito. Mkono wa kulia: kumi na saba. Bwana Obiri akatabasamu kwa wadhamini.

"Kushoto," alisema msemaji.

Bwana Obiri akainua mkono wa kushoto. Hakuufuta. Hakushikilia kiwiko. Alisimama wima kama mtu aliyesoma ng'ambo. Lakini Dufie, aliyekuwa hatazami uso, aliona goti lake la kulia likilegea kidogo, na midomo ikafanya neno dogo lisilo na sauti. Sebi. Nana akaachia. Ufito ukapita kwenye kiganja cha kushoto kama maji, na mkono wa kulia, ambao hakuna aliyeuita, ukachomoka ukaudaka karibu na sakafu.

"Nilisema kushoto," alisema msemaji.

"Nimeteleza. Naomba tena."

Aliusokomeza mkono wa kulia mfukoni. Nana akaachia. Ufito ukagonga sakafu ya saruji, ukaruka, ukabingirika mpaka kwenye viatu vya ngozi vya chifu.

"Tena," alisema Bwana Obiri. Jasho lilikuwa limeanza chini ya miwani. Mara ya tatu aliudaka, kwenye arobaini na moja, kwa ncha za vidole, akiwa amepinda mgongo nusu kama anayeomba msamaha msibani. Mtu mmoja nyuma alicheka. Akafuatwa na mwingine.

Nana alimnong'oneza msemaji kwa muda.

"Nana anasema mkono wa mhandisi umelelewa vizuri, amsalimie mama aliyeulea. Anasema mdomo wake haukulelewa naye. Anasema ule ubao wa mikono miwili, akili moja ung'olewe, na hiki kionyesho kiingie ukumbini kikishikwa na mtu, si na chuma. Anauliza aliyeandika daftari anaitwa nani."

"Anaitwa Darasa…" Bwana Obiri alianza, akakoma.

"Naitwa Dufie," alisema Dufie kwa msemaji.

Wageni wakaondoka kwenda kunywa kinywaji ofisini, Dufie akarudi kwenye kigoda. Madam Birago alipopita alisimama karibu na kigoda, akalirudisha daftari kwenye mapaja ya Dufie. "Utaendelea hapa," alisema. "Na wewe, Bwana Obiri, maelezo mapya utayaandika pamoja naye. Nataka majina mawili chini." Akaenda zake asisubiri jibu.

Karakana ikabaki na mafundi, Mjomba Twumasi na kelele ya msasa. Bwana Obiri alikuwa bado na ufito mkononi. Akautazama ulipopasuka rangi. Kisha akaja mpaka kwenye kigoda, akasimama mbele ya Dufie.

"Unadhani umeshinda," alisema kwa sauti ya chini. "Kesho watu watasoma jina lako ubaoni, watauliza shahada yake ni ipi. Nitawajibu. Kila siku nitawajibu. Utakaa kwenye hicho kigoda mpaka ukichukie. Shika kifaa chako."

Akamnyooshea ufito.

Dufie hakuupokea. Alikuwa akitazama mkono. Ulikuwa wa kushoto, umenyooka kuanzia begani, haukutetemeka, haukuombewa radhi na mtu. Ulikuja mara moja, bila vita yoyote ndani yake, kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa. Nusu saa haijapita tangu mkono uleule ushindwe kufunguka mbele ya Nana.

Alifungua daftari kwenye ukurasa mpya, akailamba ncha ya penseli, akaandika taratibu, maana mwandiko wake haukuwa wa haraka. *Mtoaji: mhandisi. Mpokeaji: mfagiaji. Mkono: kushoto. Hakusita.*

Bwana Obiri aliyasoma maneno hayo yakiwa kichwa chini, kutoka pale aliposimama. Masikio yalimbadilika rangi. Msasa ulikuwa umenyamaza.

"Rudia, Bwana," alisema Dufie, penseli mkononi. "Wengine tuliwapima mara tano."